Majina Sitini na Matatu

Jumanne asubuhi, Sajini Hawo Hamid alipofika kwenye stoo ya mbegu mjini Kitale, alikuta watu wamejigawa makundi mawili bila kuambiwa. Karibu na lango walisimama wale waliokwisha kupata mifuko yao ya mahindi ya kupanda. Ng'ambo ya uwanja, chini ya paa la mabati, walisimama wale ambao kompyuta ilikuwa imewakataa. Hao walikuwa sitini na watatu, na wengi wao walikuwa Wakalenjin. Jambo hilo kila mtu uwanjani alikuwa amelihesabu mwenyewe, na kwa kuwa ulikuwa Machi wa mwaka 2009, hakuna aliyehitaji kukumbushwa mapigano ya kikabila ya mwaka uliotangulia.

Hawo alikuwa mpelelezi kwa miaka kumi na tisa. Alivaa ushungi wa kijivu na viatu vya mpira, na daftari lake alilibeba ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Asubuhi ya kwanza ya kesi ndiyo aliyoipenda kuliko zote, kabla watu hawajapata muda wa kupanga maneno yao. Akanunua chai ya kikombe cha bati kibandani, akainywa amesimama huku akiwatazama watu wa kila upande, kisha akaingia ndani.

Karani wa Umoja wa Wakulima Mbegu Njema alikuwa mama mmoja anayeitwa Wakonyo. Alikuwa hajalala vizuri.

"Nionyeshe unavyofanya," Hawo akamwambia. "Pole pole, kama vile mimi ni mkulima nimekuja na kadi."

Wakonyo akachukua kadi ya mzee aliyekuwa mbele ya foleni, akaandika jina. Kioo kikajibu kwamba mwanachama huyo hayuko.

"Na namba ya kadi?"

"Hii mashine inataka jina na namba zikubaliane, Afande. Jina likikataa, inakataa yote. Na sina ruhusa ya kutoa mfuko kama imekataa."

"Wiki iliyopita ilikuwa inakataa?"

"Hapana. Tulijaribu majina mengi, yote yalikuja. Halafu Ijumaa ofisi ya Bungoma ikatuma CD mpya, tukaiweka. Jana tukaanza kugawa, na ndio haya."

Hawo akainama kuangalia kioo. Juu kabisa, kwa herufi za kijani, paliandikwa: *Kalibu Umoja wa Wakulima*.

"Hii *kalibu* iko hivi siku zote?"

Wakonyo akacheka kidogo, mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Hiyo nayo ilikuja na CD ya Ijumaa. Si unawajua watu wa Bungoma na hiyo l yao. Tulicheka tu, tukaendelea na kazi."

Hawo hakucheka. Aliandika neno hilo daftarini jinsi lilivyokuwa, akaandika Ijumaa kando yake.

Kilichokuwa kinajulikana hadi wakati huo kilikuwa kifupi. Programu ya Umoja iliandikwa na kijana wa Bungoma aitwaye Wekoye. Jumatatu jioni, watu walipoanza kusema kwamba Mbukusu huyo amewafuta Wakalenjin ili mbegu zibaki kwa watu wake, polisi walimchukua kituoni, nusu kama mshukiwa na nusu kama mtu wa kulindwa. Mkuu wa kituo alikuwa amempa Hawo hadi Alhamisi. Baada ya hapo Wekoye angepelekwa mahakamani na stoo ingefungwa. Nayo mvua ilikuwa imeanza, na mahindi ya Trans Nzoia hayasubiri mahakama.

Mzee aliyekataliwa alikuwa bado amesimama dirishani. Jina lake lilikuwa Cheruiyot, mkulima wa upande wa Moi's Bridge.

"Mimi niko kwa hii Umoja tangu ianze," akasema. "Sasa mashine inasema ati hainijui. Nani ameiambia isinijue?"

"Hilo ndilo nimekuja kutafuta, mzee. Majirani zako wamepata?"

"Kuna mmoja. Kipruto, kijana wa ndugu yangu. Shamba zetu zimepakana. Yeye amepata jana."

"Mtoto wa ndugu yako hasa? Baba yake na wewe ni tumbo moja?"

"Tumbo moja."

Hawo akaacha kuandika. Mtu anayefuta watu kwa kabila hamwachi mtoto wa ndugu akamfuta ami yake. Akatoka nje, akaenda kundi la pili, akauliza kama kuna mtu huko ambaye si Mkalenjin. Mama mmoja akainua kadi yake. Aliitwa Nyaruai. Mumewe, Gichuki, alikuwa amekuja kusimama naye, mfuko wake wa mbegu ukiwa begani.

"Wewe umepata, bibi yako amekosa?" Hawo akauliza.

"Ndio kitu inanishangaza, Afande," Gichuki akasema. "Tulijiandikisha siku moja, dirisha moja, karani mmoja. Kadi yangu ni mia mbili na saba, yake mia mbili na nane. Kama ni kabila, si wangenitoa na mimi pia?"

"Mmewahi kukosana na mtu yeyote wa Umoja?"

"Sisi? Hata mkutano hatuendi," Nyaruai akasema. "Tunalima tu."

Palikuwa pia na wanaume wawili wa Kiminini, wote Wabukusu, wote wakiitwa Barasa. Hakuna aliyekuwa amewatia maanani, kwa kuwa hawakulingana na hadithi iliyokuwa ikisimuliwa. Dhana ya kabila ikaanguka hapo. Ile ya kijiji ilikuwa imeanguka kwa Cheruiyot na Kipruto, na ile ya siku ya kujiandikisha kwa Gichuki na mkewe.

Hawo akageuza kreti la soda, akaketi, akachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto akaandika waliokataliwa: Cheruiyot, Nyaruai, Barasa, Korir, Wanjiru, Kerubo. Kulia akaandika waliopata: Kipruto, Gichuki, Kiprotich, Chebet, Wafula, Makokha. Akayasoma ya kushoto kwa sauti ndogo, jina moja baada ya jingine, kama mtoto anayejifunza kusoma. Yote yalikuwa na r. Alitaka kufurahi, lakini Kipruto naye alikuwa na r, na Kiprotich pia.

Akayasoma tena, safari hii akipiga silabi kwa kidole gotini. Che-ru. Nya-ru. Ba-ra. Ko-ri. Kila r ya kushoto ilikuwa na irabu mbele na irabu nyuma. Ya Kipruto ilikuwa imebanwa na p. Halafu macho yakampeleka kwenye ukurasa wa kwanza, kwenye lile neno la herufi za kijani. Ka-ri-bu.

Akarudi dirishani.

"Wakonyo, mwandike huyu mzee kwa l. C-h-e-l-u-i-y-o-t."

Karani akamtazama, kisha akaandika. Kioo kikafikiri kidogo, kikaleta mistari minne: jina, namba ya kadi, Moi's Bridge, mfuko mmoja.

Mzee Cheruiyot aliingiza kichwa dirishani akalisoma jina lile. "Huyo si mimi," akasema. "Huyo anakaa shamba langu, lakini si mimi."

"Basi niruhusu nimpe mfuko," Wakonyo akasema haraka.

Hawo akatikisa kichwa. Jina la kadi na jina la kitabu cha kugawia lazima yafanane, la sivyo kesho mtu mwingine angekuja kudai kwamba mbegu zilichukuliwa na watu wasiokuwepo. Lakini alimwomba mzee awaambie wenzake jambo moja tu: kwamba hakuna aliyefutwa, na kwamba wote wamo ndani ya mashine wakiwa wameandikwa vibaya. Mzee akavuka uwanja kwenda kuwaambia.

Kituoni, Wekoye aliletwa kwenye chumba chenye meza moja na dirisha la kuangalia bustani ya sukuma wiki. Alikuwa kijana mwembamba wa miaka ishirini na sita, shati limekunjamana. Vitu vyake vilikuwa ndani ya bahasha ya khaki mezani: mkanda, simu, funguo, na CD mbili ndani ya vifuko vya karatasi. Hawo alivipitia kimoja kimoja dhidi ya orodha, akatia sahihi, ndipo akamgeukia.

"Wiki iliyopita ulikuwa wapi?"

"Suam, mpakani. Tulikuwa tunafungua stoo mpya kule, nikaenda kuweka programu. Nilitoka Bungoma Jumatatu, nikarudi Jumamosi. Uliza wale wa customs, walikuwa wananiuzia chai."

"Nilisoma maelezo yako ya jana, nimeshawapigia simu. Sasa niambie hivi. Mtu akitaka kila r iliyo kati ya irabu mbili igeuke kuwa l, kwa mafaili yote mara moja, inawezekana?"

Uso wa Wekoye ulibadilika, si kwa woga bali kama mtu aliyesikia mlio ndani ya injini anayoijua. Akaomba kalamu. Kwenye ukurasa wa daftari akaandika:

([aeiou])r([aeiou])

na chini yake:

\1l\2

"Sisi huita regex," akasema. "Badala ya kutafuta neno, unatafuta umbo la neno. Hii mabano ya kwanza inasema, nipatie irabu yoyote. Halafu r. Halafu irabu yoyote tena. Hii ya chini inasema, irabu zirudishe vile zilikuwa, lakini katikati uweke l. Ukibonyeza, inapita kwa kila faili kwa sekunde moja. Haijui hili ni jina la mtu, hili ni jina la soko, hili ni salamu. Inaona umbo tu."

"Na majina ya wanachama yako kwa mafaili hayo?"

"Yako hapo." Akasugua macho. "Niliyaweka ndani ya msimbo wenyewe wa programu, orodha moja kwa kila kata. Ilikuwa nihamishe baadaye. Hilo kosa ni langu, Afande. Lakini hii sijafanya."

"Najua hujafanya. Nani mwingine ana funguo za ofisi ya Bungoma?"

Wekoye akaangalia sukuma wiki. Hawo hakumharakisha. Alikunja mikono, akasema, "Sikuulizi nani mbaya. Nakuuliza nani mwenye funguo."

"Mwalimu Nekesa," Wekoye akasema mwishowe. "Na kama ni yeye, hakuwa na nia mbaya. Yule mama ndiye alinisomesha Kiswahili darasa la saba. Andika hivyo pia."

Hawo akaandika hivyo pia.

Alifika Bungoma saa tisa alasiri na gari la kituo, kupitia Kimilili na Chwele, jua likiwa limetoka baada ya mvua na barabara ikifuka mvuke. Ofisi ya Umoja ilikuwa juu ya duka la vyerehani. Nekesa alimfungulia mwenyewe. Alikuwa mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kamba, aliyejifunza kompyuta uzeeni na kufanya kazi ya kusahihisha maandishi ya programu. Habari za Kitale alikuwa amezisikia redioni, lakini alisikia kwamba majina yamefutwa, na yeye hakuwa amefuta kitu.

"Wekoye hajafuta mtu," akasema kabla hata hajakaa. "Mimi ninamjua."

"Alhamisi iliyopita, Mwalimu, ulikuwa unafanya kazi gani hapa?"

Nekesa akang'aa uso. Hiyo ilikuwa kazi aliyojivunia. Makarani walikuwa wameandika majina ya masoko kama wanavyoyatamka, akaeleza: Chwere badala ya Chwele, Kimiriri badala ya Kimilili. Wafanyabiashara wa Chwele walikuwa wameandika barua kulalamika. Kulikuwa na mafaili arobaini na moja, na kusahihisha moja moja kungemchukua wiki. Kwa hiyo alifungua kitabu cha programu cha Wekoye, akasoma sura ya ruwaza, zile regex, akaijaribu.

"Nikuonyeshe?"

"Nionyeshe."

Akawasha kompyuta, akafungua dirisha la kutafuta na kubadilisha. Ruwaza ilikuwa bado imo, herufi kwa herufi kama Wekoye alivyoichora. Hawo aliweka daftari kando ya kioo akalinganisha.

"Mara ya kwanza Kimiriri ikawa Kimiliri," Nekesa akasema. "Nikashangaa. Kumbe ikishatumia ile i ya katikati hairudi kuitumia tena. Nikaipitisha mara ya pili, ikanyooka."

"Saa ngapi hiyo?"

Mafaili yenyewe yalijibu. Yote arobaini na moja yalikuwa yamebadilishwa saa tano na dakika arobaini na tatu, isipokuwa tisa yaliyoguswa tena alasiri.

"Haya tisa ni nini?"

"Programu ilikataa kuwaka. Kuna maneno ya kompyuta yenyewe yalikuwa yameharibika. *Where* imekuwa *whele*, *foreach* imekuwa *foleach*. Kila nikiiwasha inaniambia kosa liko faili gani, mstari gani. Nikayarudisha moja moja mpaka ikanyamaza. Nilipoona imewaka, nikajua kazi imekwisha. Nikaichoma kwenye CD, nikatuma."

Hawo akalitafakari jambo hilo. Mashine ilikuwa imelalamika kwa yale maneno iliyoyajua. Yale isiyoyajua iliyameza kimya kimya.

"Mwalimu, fungua orodha ya Moi's Bridge."

Nekesa akaifungua. Hawo hakumwonyesha mstari. Alimwacha asome mwenyewe, na aliona macho yake yakishuka, yakisimama, yakirudi juu. Cheluiyot. Nyaluai. Kolir. Mwalimu akavua miwani akaishika mkononi.

"Mungu wangu," akasema taratibu. "Na Wekoye amelala ndani kwa ajili ya hii?"

"Siku moja. Ana afya."

Nekesa akavaa miwani tena, akashika kibodi. "Nitageuza. Natafuta l kati ya irabu, naweka r. Dakika moja tu."

"Ngoja," Hawo akasema, akaweka mkono juu ya kibodi. "Wafula atakuwa nani?"

Vidole vya Nekesa vikasimama. Wafula angekuwa Wafura. Chwele ingerudi kuwa Chwere. Safari ya kwenda ilikuwa imechanganya l za kuzaliwa na l za kugeuzwa, na hakukuwa na umbo lolote la kuzitenganisha. Mwalimu alieleza hayo mwenyewe, akihesabu kwa vidole, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyomshuka.

Hawo alikuwa tayari anatoa simu. Alipiga kituoni, akaomba askari wa zamu aende kwenye bahasha ya khaki na asome kilichoandikwa kwenye CD.

"Moja imeandikwa nyimbo za injili," sauti ikasema. "Nyingine imeandikwa Suam, tarehe tisa."

Tarehe tisa ilikuwa Jumatatu, siku tatu kabla ya ruwaza: nakala ya programu aliyoibeba Wekoye kwenda Suam.

"Hiyo ya pili usiiguse," Hawo akasema. Kisha akamgeukia Nekesa. "Mwalimu, chukua sweta. Kesho asubuhi utahitajika Kitale, na ni vizuri ulale kwa jamaa huko."

Jumatano walikuwa watatu nyuma ya dirisha la Wakonyo, Wekoye kibodini, Nekesa kando yake na kalamu nyekundu, Hawo akiwa amesimama mlangoni. Hapakuwa na uchawi wowote. Walifungua orodha ya CD ya Suam upande mmoja na ile ya Ijumaa upande wa pili, na kompyuta ikawaonyesha kila mstari uliotofautiana. Jina la soko likitofautiana, walichukua la Ijumaa. Jina la mtu likitofautiana, walichukua la Suam, na Nekesa akalilinganisha na kadi ya mwenyewe iliyoletwa dirishani. Hilo la kadi lilikuwa sharti la Hawo. Walipofika Nyaruai, Gichuki alisema kwa sauti kwamba herufi zote sasa ziko sawa, na mkewe akamwambia anyamaze, watu wanafanya kazi.

Saa sita na nusu Nekesa akasimama. Hakuna aliyemtuma. Alitoka mpaka katikati ya uwanja, kati ya makundi mawili, akashika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

"Kijana mliyemlaumu hakuwepo," akasema. "Ni mimi. Nilikuwa nasahihisha majina ya masoko, nikaharibu yenu bila kujua. Sikuangalia hadi mwisho. Naomba radhi."

Mtu mmoja nyuma akasema ni uongo, wamemtuma. Mzee Cheruiyot akageuka akamtazama mtu huyo, kisha akamsogelea Nekesa.

"Sasa imerudi vile ilikuwa?"

"Imerudi, mzee. Nimeisoma mara mbili."

"Haya," mzee akasema. "Tuendelee, mvua inakuja." Akaenda dirishani akaweka kadi yake mbele ya Wakonyo. Kioo kikamleta. Alipopokea mfuko, hakuondoka. Aliuweka chini, akamnyooshea Wekoye mkono kupitia dirishani, na Wekoye akainuka kwenye kiti kuupokea. Watu walioona hivyo wakaanza kupanga foleni, na foleni ikawa moja.

Kufikia saa kumi stoo ilikuwa imetoa mifuko sitini na mitatu. Hawo aliihesabu yote kwenye kitabu cha Wakonyo, akatembea na Wekoye hadi kituoni kwa miguu ili apate hewa. Askari wa zamu alikuwa ameandaa fomu ya kumwachilia. Sehemu ya mshtakiwa Hawo aliandika *hakuna*, na sehemu ya kosa akaandika mistari sita aliyoichagua kwa makini, pamoja na yale ambayo Wekoye alikuwa amemwomba ayaandike kuhusu mwalimu wake. Wekoye akafunga mkanda, akaweka CD mfukoni, akauliza kama hapo jirani kuna mahali pa kula chapati.

"Kwa Nimo, nyuma ya msikiti. Mwambie nitakuja kulipa."

Alipoondoka, Hawo akavuta fomu ili aweke sahihi. Askari alikuwa ameandika jina lake kwa herufi nzuri za shuleni: Sajini Hawa Hamid. Katika miaka kumi na tisa alikuwa ameacha majina ya namna hiyo yapite kwenye fomu mia kadhaa, kwa kuwa watu walikuwa na haraka naye alikuwa na kazi. Aliomba kalamu ya wino mweusi. Akakata ile a ya mwisho kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika o juu yake, akaweka sahihi kando ya masahihisho kama sheria inavyotaka, na tarehe.

"Nakala zote tatu," akamwambia askari kwa upole, na akavuta ya pili.